Chumvi na siki hazizuii nguo kuchuja kwenye mashine

Mhariri,

Msimu wa kwanjula, yaani sherehe za kutambulishana kwa familia za wachumba, ukipamba moto, swali moja huwafuata madobi kila Jumatatu: kanzu imeingia mashineni pamoja na gomesi nyekundu (gauni la heshima la akina mama wa Uganda), imetoka na rangi ya waridi, je, itapona? Na jibu moja hurudiwa redioni, kwenye makundi ya WhatsApp na katika kurasa za mambo ya nyumbani: nguo mpya iloweke kwenye chumvi na siki, rangi itashika. Tunaandika kupinga jibu hilo. Ubaya wake si chumvi inayopotea, maana chumvi ni rahisi. Ubaya ni kwamba mtu akishaloweka huamini nguo imetibiwa, akaitupa mashineni pamoja na nyeupe bila wasiwasi.

Chumvi ina kazi yake, ila kazi hiyo hufanyika kwenye pipa la kutia rangi, si kwenye beseni la kufulia. Anayetia pamba rangi humwaga chumvi nyingi ili rangi itoke kwenye maji na kuingia kwenye uzi. Kuifunga humo ni kazi ya kitu kingine. Kwa rangi nyingi za pamba za siku hizi, za aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, kazi hiyo hufanywa na magadi soda, ambayo huwezesha rangi na uzi kuungana kikemia hadi vikawa kitu kimoja. Siki nayo husaidia rangi za hariri, sufu na nailoni, ambazo hushika kwenye maji yenye asidi. Kwenye pamba haina la kufanya.

Sasa nguo inachuja kwa nini ikiwa rangi imeungana na uzi? Kwa sababu si yote iliyoungana. Ndani ya pipa lile sehemu ya rangi huungana na maji badala ya uzi, ikabaki imejibanza kwenye kitambaa bila kushikwa na chochote. Kiwanda makini hukifua kitambaa mara kadhaa kwa maji yanayokaribia kuchemka mpaka mabaki hayo yatoke. Kiwanda chenye haraka husuuza mara moja, kikakausha, kikafunga marobota. Rangi inayotoka nyumbani kwako ni ile iliyopaswa kutolewa kiwandani, na ikishaungana na maji haiwezi tena kuungana na uzi, hata uimwagie gunia zima la chumvi. Dawa si kuifunga. Dawa ni kuitoa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa nguo mpya ya pamba yenye rangi nzito ni kinyume cha kinachosemwa mitaani: mara ya kwanza ifue kwa maji ya moto, peke yake. Angalia kwanza lebo iliyoshonwa ndani. Ukiona alama ya beseni yenye namba 60, weka nyuzijoto 60, ikiwa 40, weka 40. Geuza nguo ndani nje, tia sabuni kiasi, washa programu ya pamba, kisha bonyeza kitufe cha kuongeza suuzo. Rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo, nguo hiyo ikifuliwa na wenzake wa rangi inayokaribiana, maji yawe baridi au nyuzijoto 30. Joto huilegeza rangi isiyoshikwa, ndiyo maana tunalitaka siku nguo iko peke yake na tunalikataa siku iko na wenzake. Lebo ikionyesha mkono ndani ya beseni, au beseni lililopigwa mkasi, maji ya moto yaache.

Nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi zinajulikana kwa ukorofi wao kwa sababu zinahitaji rangi nyingi ili zikolee. Watu wengi husahau feruzi. Rangi yake ina molekuli kubwa, huungana na uzi kwa shida na hutoka kwenye kitambaa polepole. Kwa hiyo nguo ya feruzi huonekana imetulia katika fuo la kwanza, kisha ikachafua shuka katika fuo la tatu.

Kuna nguo ambazo hata maji ya moto hayazimalizi. Suruali nyeusi iliyochakaa ikachovywa upya kwenye rangi ya moto na chumvi imepata rangi inayoushikilia uzi kijuujuu tu, na kila fuo litaondoka na sehemu yake. Hiyo fua peke yake siku zote, kwa maji baridi. Mafundi wa rangi wana dawa ya kufungia aina hii, nayo hutiwa kwa kipimo cha uzito wa kitambaa, kwenye maji ya uvuguvugu, kabla nguo haijauzwa. Muulize aliyekuchovyea kama ameitia. Jinzi nazo zina tabia tofauti: bluu yake imekaa juu ya uzi, na hutoka zaidi kwa kusuguliwa kuliko kwa kulowa. Usizibane na shati jeupe ndani ya pipa la mashine lililojaa. Mivumba ya kawaida, yaani mitumba, ambayo haijachovywa upya, ina nafuu, kwani mwenyewe wa kwanza alishaifua mara nyingi na mabaki yakaishia kwake.

Na tuitetee sweta ya shule, maana inasingiziwa sana. Sweta nyingi za wanafunzi ni za akriliki, na rangi ya akriliki hushika vizuri mno. Shati la shule likitoka mashineni na madoa ya zambarau, kabla ya kuilaumu sweta kagua fulana ya michezo ya pamba, soksi, na utepe ulioshonwa kwenye mfuko.

Namna ya kujua ni rahisi, tena haihitaji mashine. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha sabuni utakayoitumia, tumbukiza pindo la nguo pamoja na kipande cha pamba nyeupe kisichozidi kiganja. Acha nusu saa huku ukikibonyeza mara kwa mara. Kisha usiangalie maji, angalia kile kipande baada ya kukisuuza. Maji yanaweza kuwa mekundu kabisa na kipande kikabaki cheupe, maana yake rangi inatoka lakini haishiki kwenye pamba, na suuzo la kutosha litaiondoa. Kipande kikibaki na rangi hata baada ya kusuuzwa, nguo hiyo ni ya kufuliwa peke yake. Ukiwa na kipande cha nailoni nyeupe, kwa mfano soksi ya kike iliyotoboka, kitumbukize pia. Nailoni hunasa rangi ambazo pamba huziachia, ndiyo maana sidiria nyeupe na lesi za gauni huharibika wakati fulana iliyokuwa pembeni yake imesalimika.

Tukija kwenye mashine zenyewe, mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa mzunguko mzima, kuosha na kusuuza pamoja. Mtu anayefua mzigo huohuo kwa mikono, akibadilisha maji ya beseni mara nne au tano, humwaga zaidi ya hapo. Maji yakiwa machache rangi ndani yake huwa nzito, na nguo nyeupe hukaa kwenye chai ya rangi kwa muda wote wa programu. Mashine haina kosa, imeundwa kubana maji na umeme. Anayeitumia ndiye anayepaswa kurudisha maji yanayopungua pale rangi inapokuwa tatizo, kwa kubonyeza suuzo la ziada na kupunguza mzigo. Kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za nguo kavu, kwenye programu ya pamba. Programu fupi ya dakika 15 hubeba kilo 2 hivi tu, na haisuuzi vya kutosha nguo inayochuja. Ile ya kubana umeme inayokwenda saa tatu nayo haifai kwa kazi hii, kwani huziacha nguo zikilowana pamoja muda mrefu katika maji machache. Nguo ikiwa na wenzake, chagua programu ya nguo za rangi au ya mchanganyiko, ya dakika 30 hadi 60, maji baridi. Pipa lisijae: juu ya nguo ibaki nafasi ya kuingiza mkono mzima.

Sabuni inaharibu zaidi ya inavyodhaniwa. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na ni laini, hutoa povu kwa sabuni kidogo tu. Kwa mzigo wa kilo 5 uliochafuka kawaida, gramu 40 hadi 50 za unga wa mashine zinatosha, yaani vijiko vya chakula vitatu au vinne. Anayetia kikombe kizima cha unga wa kufulia kwa mikono huijaza mashine povu, nguo zikawa zinaelea badala ya kupigwa, na suuzo likashindwa kuondoa povu lililobeba rangi. Sabuni ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nguo za rangi ina faida ya kweli: haina dawa ya kung'arisha, na nyingi huwa na kemikali inayoikamata rangi iliyo majini isishike nguo nyingine. Inasaidia. Haifanyi miujiza.

Karatasi za kunasa rangi zinazouzwa katika maduka makubwa nazo hufanya kazi hadi zinaposhiba. Sisi tunazipenda zaidi kama kipimo. Weka moja pamoja na nguo mpya, ikitoka nyeupe mara mbili mfululizo, nguo hiyo imemaliza. Kipande cha shuka jeupe kuukuu kinapima vilevile bila gharama.

Lakini madoa mengi tunayoletewa hayakutokea mashine ikizunguka. Yalitokea baada ya kusimama. Nguo zilizokamuliwa zikaachwa pipani usiku kucha, zimegandamana, zina unyevu, nyekundu imelala juu ya nyeupe: hapo rangi huhama taratibu bila kusuuzwa na kitu. Doa la namna hii utalitambua kwa umbo, kwa kuwa lina ukingo na hufuata mkunjo wa nguo. Rangi iliyosambaa ndani ya maji huipaka nguo nzima sawasawa. Kwa hiyo kitufe cha kuchelewesha kianze kazi nguo zikiwa kavu, kipangwe ili mashine imalize ukiwa macho, na nguo zitolewe ndani ya dakika 10 au 15.

Na umeme ukikatika katikati? Hilo ndilo swali ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikiwa Ulaya havilijibu vya kutosha. Mlango umejifunga, maji ya rangi yamo ndani, na haijulikani umeme utarudi saa ngapi. Ikiwa mzigo ni wa rangi moja, subiri. Ikiwa umechanganya, usisubiri zaidi ya dakika 20. Chomoa plagi. Chini upande wa mbele, mara nyingi kulia, kuna kifuniko kidogo. Nyuma yake utaona kichujio, na katika mashine nyingi kipo pia kimpira chembamba chenye kizibo. Weka sinia au beseni la kina kifupi, vuta kimpira, toa kizibo, maji yamwagike kwa awamu, ukiziba kila beseni linapojaa. Kama hakuna kimpira, fungua kichujio kidogokidogo, usikitoe mara moja. Programu ikiwa ya moto, acha maji yapoe kwanza, kwani maji ya nyuzijoto 60 yanaunguza. Maji yakiisha, mlango wa mashine nyingi huachia baada ya dakika chache. Baadhi zina kamba ya dharura karibu na kichujio. Toa nyeupe kwanza, zisuuze kwa mkono papo hapo. Umeme ukirudi, usiiache mashine iendelee ilipoishia, anzisha programu ya kusuuza tangu mwanzo.

Wenye mashine za matangi mawili, ambazo ndizo nyingi mitaani, wana faida moja wasiyoitumia: wanaweza kukamua kabla ya kusuuza. Chukua kilo 3 za nguo za pamba. Zikitolewa kwenye sabuni bila kukamuliwa hubeba karibu lita 6 za maji ya rangi. Zikikamuliwa hubaki na lita 2 hivi. Zitie kwenye lita 30 za maji safi. Zile za kwanza zitaacha sehemu moja ya sita ya rangi iliyokuwa majini, za pili sehemu moja ya 16. Rudia suuzo mara ya pili kwa mtindo huohuo: moja ya 36 dhidi ya moja ya 256. Maji ni yaleyale, tofauti ni dakika mbili za kukamua. Kosa lao kubwa nalo liko hapohapo kwenye tangi la kukamulia. Ukikamua nyekundu kisha nyeupe bila kulisuuza tangi, maji mekundu yaliyobaki kwenye kuta zake huirukia nyeupe. Mwaga jagi moja la maji safi ndani, lizungushe nusu dakika tupu. Kwenye mashine za mlango wa mbele, sehemu inayofanana na hiyo ni mkunjo wa ule mpira wa mlangoni. Ufute kwa kitambaa kila baada ya mzigo unaochuja, na uzungushe suuzo moja bila nguo kabla ya kutia nyeupe.

Turudi kwenye kanzu, kwa kuwa ndiyo inayoliza watu. Kanzu ya Uganda hubeba hatari yake yenyewe: ule mlela, yaani darizi ya rangi ya damu ya mzee, shingoni, kifuani na mikononi umeshonwa juu ya kitambaa cheupe au cha maziwa. Hata ukiifua peke yake, inaweza kujichafua. Usiiloweke. Maji baridi, sabuni ya nguo za rangi, programu isiyozidi dakika 30, suuzo la ziada, ikamuliwe kwa mizunguko 800 hivi kwa dakika, itolewe hapohapo. Usiitundike ikiwa inadondosha maji, kwani yatashuka kutoka shingoni yakapita kifuani. Itandaze kwenye taulo jeupe kavu, weka taulo jingine ndani kati ya mbele na nyuma ili mlela usigusane na mgongo, bonyeza kwa viganja, kisha anika kivulini penye upepo. Rangi iliyolegea husafiri na maji kuelekea pale yanapokaukia, ndiyo maana pembeni mwa mlela huzuka kivuli cha waridi kanzu ikikauka polepole. Gomesi ya mita 6 ya satini ya poliesta kwa kawaida haina shida hiyo, mshtakiwa huwa mshipi wake, au kitambaa cha ndani cha pamba ambacho fundi hakukifua kabla ya kushona.

Ajali ikishatokea, usianike na usipige pasi. Nguo ikiwa bado mbichi, irudishe kwenye suuzo peke yake, kisha ifue kwa sabuni ya nguo za rangi kwa joto la juu kabisa lebo inaloruhusu. Mafuo matatu huondoa zaidi ya yanavyotarajiwa. Pamba nyeupe tupu, isiyo na mlela wala maua, unaweza kuiloweka kwenye dawa ya kung'arisha ya oksijeni, vijiko viwili vya chakula kwa lita 5 za maji ya nyuzijoto 50 hadi 60, saa sita hadi nane. Jiki ni ya mwisho, kwa pamba nyeupe tu. Hariri na sufu huziharibu, na nguo zenye nyuzi za kuvutika huzigeuza njano. Na hapa siki inarudi kwa ubaya: usiimwage kamwe pamoja na jiki, ndani ya mashine wala beseni, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Si kila wekundu ni rangi ya nguo, hata hivyo. Vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, hupata wekundu wake kwa kutu ya chuma, na hukaa kwenye pindo, magoti na ukosi. Madoa ya hudhurungi yanayoonekana kwenye shuka za wanaotumia maji ya kisima kirefu mara nyingi ni chuma kilicho majini. Jiki huyakoleza yote mawili. Jaribu ndimu na chumvi kwenye doa kwa nusu saa, kisha suuza, kwenye nguo nyeupe. Hapo ndipo chumvi yenu ina kazi.

Ombi letu kwa mafundi cherehani wa kanzu na gomesi ni dogo. Uzi wa poliesta wa kudarizi mlela upo na hauchuji kama wa rayoni au pamba, mwambieni mteja ni upi mmeutumia. Kitambaa cha pamba kifueni kwa maji ya moto kabla ya kukata, nacho kitarudi kwa kiasi chake kabla hamjapima. Na vipande vinavyobaki mezani msivifagie vyote. Mfungieni mteja kipande kimoja cha kila kitambaa, chenye uzi wa mlela uliopigwa mishono michache, ili akijaribu kwenye kikombe asiijaribie kanzu yenyewe.

Mafundi wa dobi na rangi,
Kampala